Kunde Analala Wapi

Jumapili, 2 Februari

Haya, umefika. Vuta kiti, mgeni. Nilidhani umekufa. Mara ya mwisho kuingia humu pamba ilikuwa bado shambani, na mstari wa mwisho unasema "kesho nitaendelea". Kesho gani hiyo, Ozella, ya kuanzia mavuno mpaka barafu? Najisema mwenyewe, maana hakuna mwingine anayesoma humu. Mwandishi mimi, msomaji mimi, mvivu mimi. Dada Earline wa kanisani alihangaika na mimi jikoni kwake majira mawili ya baridi, anifundishe herufi, mimi mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye wajukuu, sijawahi kukanyaga darasa hata kwa kupotea njia. Shule yangu ilikuwa pamba, na pamba haifundishi mtu kuandika. Halafu wewe unaliacha daftari nyuma ya pipa la unga lijae vumbi. Aibu.

Sasa kaa uandike, maana yametokea.

Kunde, mjukuu wangu, aliugua. Tiyana, kwa jina la kanisani. Lakini alizaliwa siku ya Mwaka Mpya, kunde zinachemka jikoni kama kila mwaka, nami nikamwita hivyo, na jina likashika. Mwaka huu ametimiza saba. Ile wiki ya barafu kifua chake kikagoma. Pumu. Nikampulizia pampu yake — wapi! Ni kama napulizia ukuta. Marvell, mtoto wa marehemu dada yangu, akatupakia kwenye pikapu lake mpaka hospitali ya mjini. Mtoto midomo imeshakuwa zambarau. Dirishani pa mapokezi wananiuliza mimi ni nani wake. Bibi yake. Nina karatasi ya ulezi? Nikawaambia karatasi ninayo, nimeivaa — nikawaonyesha gauni langu lilivyojaa matapishi yake. Hawakucheka.

Walimpa hewa, siwezi kusema uongo. Lakini kumlaza, kumpima hiki, kumchoma kile — sahihi ya mzazi. Na mzazi, binti yangu Roshunda, yuko Memphis na simu yake inalia tu. Nikafikiri yale ya zamani. Nikafikiri vidonge vya kulevya. Kumbe yuko kazini, ghala la mizigo, na huko wanawafungia wafanyakazi simu kwenye makabati mpaka zamu iishe. Alipoipata simu alilia mpaka nikashindwa kumgombeza, na mimi nilikuwa nimejiandaa vizuri sana kumgombeza.

Kunde kapona. Sasa hivi anamkimbiza paka wa jirani amvalishe soksi. Lakini mimi nimeapa. Sisimami tena mbele ya dirisha lile nimeshika mtoto wangu kama nimemwiba.


Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa wakili. Yule wa bure, ofisi iliyo juu ya duka la viatu. Binti mdogo, Bi Hatcher, kucha safi, adabu nyingi. Nikamweleza nataka ulezi wa Kunde kwa hakimu, niweze kutia sahihi. Akaniuliza mtoto analala wapi.

Nikacheka. Analala kitanda cha chuma kando ya changu, nikamwambia, anapiga mateke kama punda, na amelala hapo tangu hajaota jino. Muulize jirani. Muulize punda.

Akaandika. Halafu akauliza, kwenye fomu za kodi, nani amekuwa akimwandika Tiyana kuwa mtoto anayemtegemea.

Hapo sasa. Nikamweleza utaratibu wetu. Siku ya Mwaka Mpya, kunde na sukuma zikishaliwa, kabla ya pai, mtu anauliza mezani: mwaka huu nani anamhitaji Tiyana? Maana ukimwandika mtoto kwenye kodi serikali inakurudishia cha maana, na haifai kiende kwa asiye na shida. Mwaka kimbunga kilipobeba paa la Marvell, tukampa Marvell. Mwaka mmoja kaka yangu Hosea, alipougua jino na figo. Mwaka jana Roshunda, apate gari la kumfikisha kazini. Asiposema mtu, mtoto anabaki kwa aliyekuwa naye mwaka jana. Mimi sijawahi kumwandika hata mara moja. Wa nini? Mimi ninaye mwenyewe!

Kalamu ya Bi Hatcher ilikuwa imesimama zamani.

"Mama Ozella," akasema, "kwenye karatasi mtoto huyu amelala kila nyumba isipokuwa yako."

Nikashuka zile ngazi nimeshika ukuta. Kasema hakimu ataangalia shule, kliniki, kanisa, na ataangalia kodi pia. Kasema nianze mwaka huu, nimwandike kwangu, halafu mwezi wa tano twende mahakamani.

Kila nyumba isipokuwa yangu. Mimi ninayejua ni upande gani wa shingo anapenda kukunwa.


Jumamosi, 8 Februari

Ukumbi wa kanisa. Bwana Whitlow, mwalimu mstaafu, anawajazia watu fomu za kodi bure kila Jumamosi. Mjini kuna duka la kujaza fomu za kodi kwa malipo, limemvalisha kijana gauni la kijani na taji la miiba ya plastiki kama ile sanamu ya uhuru, anacheza kando ya barabara kuita wateja. Kunde anataka kila mara tusimame tumpe mkono. Nikamwambia yule anakula asilimia, tunakwenda kwa Bwana Whitlow asiyekula kitu ila biskuti zangu.

Nikampa karatasi za mshahara wangu. Napika kwenye nyumba ya wazee. Wengine wa wazee hao nimewazidi umri, na mmoja ananiita "mama", basi namwongezea mchuzi.

Bwana Whitlow naye nilimweleza utaratibu wetu wa Mwaka Mpya. Akavua miwani. Akasema ile si mila, ule ni uongo kwa serikali, na miaka yote hiyo mtoto alipaswa kuandikwa na yule anayeishi naye. Nikamwambia serikali haikuniuliza miaka hiyo yote, na nilidhani pua ya mtoto ndiyo ya kufuta, karatasi ni karatasi. Akasema ndiyo, lakini hakimu hasomi pua.

Ana karatasi yake ya maswali anayojaza kabla ya kugusa kompyuta. Jina la mtoto. Uhusiano. Miezi mingapi ameishi kwako mwaka uliopita.

Nikasema yote.

Akaandika 12. Akaniacha niitazame. Moja imesimama wima, mbili imepiga magoti kando yake. Nimezitazama mpaka Kunde akanivuta gauni akidai biskuti.


Jumatatu, 10 Februari

Imerudi. Bwana Whitlow amepiga simu kazini, nimeitwa sufuria likiwa motoni. Kompyuta imeitema fomu yangu. Kuna mtu ameshamwandika Tiyana mwaka huu. Hawasemi nani.

Hawana haja ya kusema.


Jumanne, 11 Februari

Nimeunguza mkate wa mahindi wa wazee arobaini. Wameula. Mmoja kasifu.

Siandiki jina lake leo. Nikiliandika kwa mkono huu nitatoboa karatasi.


Jumapili, 16 Februari

Tumezungumza. Kama yale ni mazungumzo.

Nilimuuliza Roshunda kama amemwandika mtoto. Akasema ndiyo, Januari, siku ile ile watu wa kodi walipofungua. Nikamuuliza kwa ruhusa ya nani. Akasema: "Mwaka Mpya hakuna aliyesema, Mama. Asiposema mtu anabaki kwa wa mwaka jana. Sheria yako hiyo."

Na kweli ni yangu. Mwaka Mpya yeye alikuwa zamu, sisi tulikula, Kunde akazima mishumaa yake, na hakuna aliyeuliza. Halafu nikasema neno baya. Nilisema mtoto si koti la kuazimana. Akaniambia ni nani basi aliyekuwa akiliazimisha hilo koti. Simu ikakatika. Sijui nani aliikata. Labda kidole changu.

Kunde alikuwa mlangoni. Akauliza, koti gani? Nikamwambia la bluu, limembana, tutanunua jingine.


Jumamosi, 1 Machi

Bwana Whitlow anasema njia ipo. Naijaza fomu kwa karatasi, naituma kwa posta pamoja na ushahidi. Watu wa kodi watatuandikia wote wawili, mimi na Roshunda, kila mtu athibitishe. Anayeonekana hakuishi na mtoto atarudisha chote na adhabu juu, na wanaweza kumfungia miaka asidai kitu kwa jina la mtoto yeyote.

Ushahidi nimeupata wiki moja tu. Shule wameandika. Kliniki wameandika, na nesi akaongeza kwa mkono wake kwamba mimi ndiye nimemleta tangu chanjo ya kwanza. Mchungaji ameandika kurasa mbili, moja yake ni Zaburi. Bahasha imejaa kama kuku wa sikukuu.

Dada Earline kasema niitume leo. Nikamwambia kesho ni Jumapili. Akasema Jumatatu basi. Nikamwambia Jumatatu nina zamu. Akanitazama vile anavyonitazama nikiandika "b" imegeuka nyuma.


Jumanne, 4 Machi

Shairi la Pasaka limetoka. Kila mtoto wa kanisa anasimama mbele siku ya Pasaka na lake, na Dada Earline ndiye anayeyatunga. La Kunde:

Jiwe lilikuwa zito,
nani amelisukuma?
Si mimi, mimi mdogo,
nilikuwa nyuma nyuma.

Anaijua mistari yote ila wa tatu. Akifika hapo anatazama dari, kama vile umeandikwa juu kule. Tunaurudia tukiosha vyombo.

Bahasha bado iko juu ya friji.


Jumamosi, 22 Machi

Tumekwenda Memphis. Marvell kaendesha, Kunde katikati, mimi dirishani na mkoba magotini, na bahasha ndani ya mkoba imeshabandikwa stempu. Nilikuwa nimejiambia hivi: nitamtazama usoni, nimwambie naituma, halafu niitume mbele ya macho yake. Sitaki kumpiga mwanangu kisu cha mgongoni. Nikimpiga, nimpige mbele.

Roshunda kanenepa kidogo. Nywele kazisuka vizuri. Nyumba ghorofa ya pili, safi, inanukia dawa ya sakafu. Kakaanga kambare, kapika na tambi, maana anajua ndivyo Marvell anavyopenda. Kunde akamwamkia kama tulivyomfundisha, akasimama nyuma ya gauni langu. Nikamsukuma mbele kwa goti.

Kabla ya kula Roshunda akasema kuna kitu anataka tuone. Akafungua mlango wa chumba. Kitanda. Kitanda cha mtoto, cheupe, kichwani kina nyota zimechongwa. Shuka za zambarau. Upande mmoja wa godoro bado una plastiki ya dukani, na kile kikaratasi cha bei kinaning'inia mguuni, kasahau kukikata. Ndicho alichonunua kwa pesa ile ya kodi. Si gari, si simu. Kitanda.

Kunde akakizunguka. Akagusa nyota moja. Akauliza nani analala hapa.

"Wewe," Roshunda akasema.

"Lini?"

Marvell akasema kambare anapoa.

Baada ya chakula usingizi ulimchukua mtoto, kapanda palepale na viatu vyake. Nilipokwenda kumtazama nikamkuta Roshunda amekaa chini sakafuni, sikio karibu na kifua cha mwanawe. Kaniuliza kama anapumua hivi siku zote. Hajui. Mama mzazi, hajui mtoto wake akipumua vizuri anasikika vipi. Nikapiga magoti kando yake — na magoti yangu haya si ya kupigwa ovyo — nikamwambia hivyo ndivyo vizuri, kama paka aliyelala. Ukisikia filimbi ndani yake, hapo ndipo unakimbia, husubiri viatu. Akaitika. Tukasikiliza wote wawili.

Jikoni, mgongo kanipa, anaosha sahani iliyokwisha kuwa safi, akasema: "Mama, najua si kweli. Lakini ile karatasi ndiyo mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba ninaishi na mwanangu."

Nami mkoba uko mkononi na bahasha iko ndani ya mkoba.

Nikamwambia akate kile kikaratasi cha bei, kitamkwaruza mtoto mguu. Nikamwita Marvell tuondoke. Njiani Marvell ananiuliza, ma'mkubwa, vipi, umeituma? Nikamwambia atazame mbele, barabara iko mbele.


Jumatano, 2 Aprili

Leo nimeiweka bahasha kwenye sanduku la posta barabarani, nikainua kile kibendera chekundu ili mtu wa posta asimame. Nikarudi barazani nikakaa. Nikaenda nikakishusha. Nikakaa. Nikaenda nikakiinua. Mtu wa posta alipofika kakuta kibendera kiko juu na mimi nimesimama mbele ya sanduku nimelilinda kwa matako. Kauliza, Bi Ozella, unatuma au hutumi? Nikamwambia bado nazungumza nayo. Kanipa karatasi ya umeme akaenda zake.

Dada Earline kasikia. Hapa hakuna siri, kuna umbali tu. Kaja na mdomo wake. Kasema Roshunda ni mtu mzima, kasema uongo na alijua. Kasema mtoto akibanwa kifua tena mwezi wa saba nitawaonyesha nini dirishani, huruma yangu? Kila neno lake ni kweli. Ndiyo maana nimemkasirikia.

Nikamuuliza, wewe una watoto wanne wazima, hujawahi kupoteza hata mmoja na kumrudisha. Mimi wangu alipotea miaka mitano, Earline. Alikuwa anapita mji huu huu bila kunitazama. Amerudi kidogo kidogo kama paka wa mwituni. Sasa niiambie serikali imrushie jiwe?

Dada Earline akasema basi tafuta njia ya tatu, na uitafute kabla ya tarehe kumi na tano, siku ya mwisho ya kodi, maana ya kwanza na ya pili umezikataa zote.


Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia. Nilisubiri zamu yake iishe, simu itoke kabatini.

Nilisema yote kwa pumzi moja kabla sijaogopa. Kwamba Bwana Whitlow ana fomu ya kusahihisha. Kwamba akijisahihisha mwenyewe, kwa hiari yake, kabla hawajamwandikia, si sawa na kukamatwa. Kwamba cha kurudisha tutarudisha kwa kitakachokuja upande wangu, kitanda kisiguswe, kitanda kibaki pale pale na nyota zake. Kwamba simchukulii mtoto. Nataka tu siku kifua cha Kunde kikipiga filimbi na wewe simu yako iko kabatini, mimi niweze kuandika jina langu. Ndicho tu. Nimejifunza kuandika jina langu uzeeni. Sijui kwa nini Mungu alinifundisha kama si kwa siku hiyo.

Na shule zikifungwa kiangazi, nikasema, Kunde aje alale Memphis. Wiki, wiki mbili. Aanze kukizoea.

Nikadhani kakata tena.

Halafu akauliza kama Jumapili ya Matawi nitapika kunde. Nikamwambia kunde ni za Mwaka Mpya. Akasema anajua, lakini Mwaka Mpya alikuwa kazini.


Jumapili, 13 Aprili

Naandika jikoni, nimesimama, jicho moja kwenye sufuria. Wao wako mezani chumba cha mbele. Mlango umefunguliwa kiasi cha mkono.

Roshunda alikuja. Aliingia kanisani nyimbo zimekwisha kuanza, akakaa benchi la nyuma kabisa, na tawi akalipokea. Watu waligeuka. Dada Earline — Mungu ambariki mwanamke yule mkali — akatoka mbele na kofia yake yote akaenda kukaa naye. Akampa peremende.

Sasa Bwana Whitlow yupo, kala sahani mbili, katoa makaratasi yake. Roshunda sahani yake hajaigusa. Kunde nyingi, sukuma, mguu wa nguruwe wa moshi, vyote vinapoa. Kunde mwenyewe, wangu mimi, yuko barazani anawafundisha wanasesere shairi.

Nimekuja huku kwa kisingizio cha mkate. Sikuweza kukaa pale. Maana Bwana Whitlow anaanza na ile karatasi yake ya maswali, kama alivyoanza na mimi. Jina la mtoto. Kaandika, Tiyana, herufi nzuri, yeye alisoma shule, nilihakikisha. Uhusiano. Kaandika, binti. Halafu lile la tatu. Miezi mingapi ameishi kwako mwaka uliopita.

Kalamu imesimama.

Kauliza kwa sauti ndogo kama Krismasi inahesabiwa. Zilikuwa siku mbili. Bwana Whitlow, mtu mpole, kasema aandike tu kilicho kweli, hakuna anayemcheka hapa. Nami mkono uko kwenye mlango wa oveni, na nataka kuingia nimwambie aandike moja. Andika moja, mwanangu! Moja ni nini! Moja itamuua nani! Lakini mwezi mmoja si kweli, na uongo wetu wa mezani ndio uliotufikisha hapa. Nimeuma kitambaa cha vyombo.

Sifuri. Dada Earline aliwahi kuniambia ndiyo rahisi kuliko zote kuandika, unazungusha tu mpaka unarudi ulipoanza. Hakuwahi kumwona mwanamke anayepaswa kuizungusha kando ya jina la mtoto wake.

Bado. Nasikia saa ya ukutani na hakuna kalamu.

Kunde kaingia. Nasikia viatu vyake. Kasimama mbele ya meza, nadhani, maana anaanza shairi bila kuombwa, kwa sauti ya Pasaka. Jiwe lilikuwa zito. Nani amelisukuma. Halafu kimya. Mstari wa tatu. Sasa anatazama dari, najua.

Na Roshunda kamsaidia. Sijui kaujua wapi. Labda wanasesere wamemfundisha, dirisha likiwa wazi. Kasema, polepole, "Si mimi, mimi mdogo." Na sauti yake imekatika pale pale kwenye mdogo, na mtoto kamalizia wa nne peke yake, halafu kasema, Mama, kwa nini huli?

Kalamu bado. Mkate unaungua, nausikia harufu, acha uungue.

Sikiliza, Ozella. Ukirudi humu, na usinirudie baada ya miezi minne, usianze na alichoandika kwenye ile karatasi. Anza na kama alikula. Kama alikula, andika alikula nini, na nani alimpakulia. Hayo mengine yatasubiri ukurasa wa pili.